Kelele za jirani: tafuta njia ya sauti kabla hujamtafuta mkosaji

Kabla ya kugonga dari kwa mpini wa ufagio, na kabla ya kuuliza sheria inasemaje, jibu swali moja: sauti hiyo inakufikiaje? Kelele inayoingia dirishani ina dawa yake, inayosafiri ndani ya zege ina yake, na inayotoka kwenye bomba lako mwenyewe haimhusu jirani hata kidogo. Watu hununua mapazia mazito ili kuzuia vishindo vya miguu, au hutandika zulia wakitarajia lizime mazungumzo ya chumba cha pili, halafu hushangaa kwamba hakuna kilichobadilika. Hasira yote humwendea jirani, ambaye pengine alikwishapunguza sauti.

Fuata dalili inayofanana na yako. Haya yameandikwa kwa anayesikia kelele na kwa anayelalamikiwa pia, maana wengi wetu huwa upande mmoja leo na upande wa pili kesho.

Kwanza: je, chanzo ni nyumbani kwako?

Ukisikia mvumo usioisha, zima swichi kuu ya umeme kwa dakika chache, kisha sikiliza. Jokofu, feni, chaja na pampu ndogo hulaumiwa mara chache kuliko zinavyostahili. Mvumo ukikoma, chanzo ni chako. Usipokoma, toka nje, uzunguke nyumba, usikilize unakua upande gani. Mvumo au mlio unaokufuata hadi mahali pengine kabisa, penye utulivu, huenda unatoka masikioni mwako. Hali hiyo ipo, ina tiba au nafuu kutegemea chanzo chake, na wa kumwona ni daktari wa masikio.

Angalia pia mpangilio wake. Sauti inayowaka na kuzima kwa vipindi vinavyofanana karibu kila mara ni mota: jokofu, kiyoyozi, pampu inayojaza tangi. Isiyo na mpangilio huwa ya binadamu au mnyama. Milio mikali ya paa la bati jioni, na ya mabomba baada ya maji ya moto kupita, ni chuma kinachosinyaa au kutanuka, wala hakuna mtu anayedondosha vitu.

Sikio lako pia hudanganyika kuhusu mahali. Zege na chuma hupitisha mtetemo mbali sana, na ukiusikia darini haina maana kwamba umetoka juu yako. Kishindo cha chumba cha pembeni, au hata cha ghorofa ya chini, kinaweza kukufikia kwa kupitia nguzo na kusikika kana kwamba kimeanguka kichwani pako. Aliye juu yako anaweza kuwa amelala usingizi wa pono.

Dalili: besi inadunda, lakini maneno ya wimbo husikii

Hii ndiyo inayovunja ujirani kuliko zote, na ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Mwenye spika anasema kwa kweli kabisa kwamba hakuweka sauti kubwa. Wewe unasema kwa kweli kabisa kwamba kitanda kinatetemeka. Nyote wawili hamjadanganya.

Ukuta huzuia sauti nyembamba vizuri na sauti nzito vibaya. Mlio wa besi wenye mitetemo 50 kwa sekunde una wimbi lenye urefu wa karibu mita 7. Wimbi la ukubwa huo haliusumbukii ukuta wa kawaida, huutikisa na kuendelea na safari. Kwa hiyo muziki unapofika kwako umeshachujwa: sauti ya mwimbaji imebaki kule, gitaa limebaki kule, na kilichovuka ni dum, dum, dum. Jirani anasikia wimbo. Wewe unasikia kugongwa.

Sponji za kubandika ukutani hazitakusaidia. Kazi yake ni kufyonza mwangwi ndani ya chumba, na kwa besi ni sawa na kukinga mvua kwa chandarua. Kinachozuia besi ni uzito: kuta nene, au kuta mbili zilizoachana zisizogusana, jambo ambalo mpangaji hawezi kulifanya na mwenye nyumba hatalifanya kwa sababu ya wimbo. Basi dawa iko kwenye spika.

Kama spika ni yako, punguza kitufe cha besi kabla ya kupunguza sauti yote. Iondoe kwenye kona, kwa sababu kona huikuza besi, na isiegemee ukuta wa pamoja. Iinue kutoka sakafuni na uiweke juu ya kitu laini kama mpira mzito, ili mtetemo usiingie moja kwa moja kwenye jengo. Spika ya besi iliyokaa sakafuni kwenye ghorofa ni kero hata ikiwa na sauti ndogo, na baada ya muda fulani wa usiku izimwe tu. Sioni njia ya kulizunguka hilo.

Kama wewe ndiye unayesikia, jaribu kusogeza kitanda. Besi ndani ya chumba hujikusanya kwenye kuta na kona, na hupungua katika sehemu nyingine. Hatua moja au mbili kutoka ukutani zinaweza kuleta tofauti ya kushangaza, na hazina gharama.

Halafu fanyeni jaribio pamoja, la thamani kuliko barua kumi. Jirani abaki kwake na kidole kwenye kitufe, wewe ubaki chumbani kwako, mkiwa mmepigiana simu. Aweke wimbo wenye besi, apunguze kidogo kidogo hadi useme basi. Mahali hapo atie alama kwa kipande cha utepe. Kuanzia siku hiyo hamna haja ya kubishana kama sauti ni kubwa au ndogo, kwa kuwa kuna alama. Fanyeni jaribio usiku, saa zile zile ambazo kero hutokea, vinginevyo alama itakuwa ya uongo.

Dalili: maongezi na televisheni vinasikika neno kwa neno

Maneno yakifika yakiwa kamili, kuna tundu. Sauti nyembamba ndiyo inayobeba maneno, na ukuta mzima ungeizuia. Tafuta upenyo chini ya mlango, pembeni ya fremu za madirisha, mahali mabomba na nyaya zinapopita ukutani, na juu ya ukuta usiofika kwenye paa. Hilo la mwisho liko kwenye nyumba nyingi zilizogawanywa vyumba baada ya kujengwa: ukuta unaishia kwenye dari nyepesi, na juu yake vyumba vyote vinashiriki hewa moja.

Tundu dogo lina madhara kuliko mtu anavyodhani. Uwazi ukiwa asilimia 1 tu ya eneo la ukuta, kizuizi hicho hakiwezi kupunguza zaidi ya desibeli 20 hivi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), hata kama asilimia 99 zilizobaki ni zege tupu. Kwa hiyo anza kwa kuziba. Utepe wa mpira kuzunguka mlango, kizuizi cha chini ya mlango, na lipu kwenye matundu ya mabomba ni kazi ya siku moja. Kabati la vitabu lililojaa, likiegemezwa ukuta mwembamba wa pamoja, husaidia kiasi. Pazia zito husaidia kidogo sana.

Ila usizibe matundu ya hewa ya chumba chenye jiko au hita ya gesi. Kelele haiui, ukosefu wa hewa unaua.

Dalili: vishindo vya miguu, viti kuburutwa, kitu kuanguka

Hapa sauti haipiti hewani. Kisigino kinapiga sakafu, sakafu inatetemeka, na dari yako ndiyo inageuka spika. Ndiyo maana hakuna unachoweza kubandika kwako kikasaidia sana, na ndiyo maana dawa rahisi kuliko zote iko juu: zulia lenye tandiko nene chini yake, ndara laini, vipande vya kitambaa kizito chini ya miguu ya viti na meza. Viti vikishavalishwa, malalamiko mengi ya aina hii huisha.

Watoto watakimbia. Kinachowezekana ni kuhamisha michezo ya kuruka kwenda chumba ambacho chini yake hakuna anayelala, na kuweka saa ya mwisho. Kilio cha mtoto mchanga usikilalamikie. Hata sheria nyingi huzihesabu sauti za kawaida za maisha, kama kutembea, kupika na kulia kwa mtoto, tofauti na kelele ambayo mtu angeweza kuiepuka.

Dalili: mashine inavuma na kila kitu kinatikisika

Mashine ya kufulia inayorukaruka wakati wa kukamua huwa haijakaa sawa, au imewekewa blanketi moja zito linaloelemea upande mmoja. Kama ni mpya, angalia kwa nyuma: boliti za usafirishaji zinazozuia pipa lisicheze njiani hutakiwa kutolewa kabla ya kuitumia, na ni nyingi zinazofanya kazi zikiwa bado nazo. Rekebisha miguu kwa pimamaji, weka mkeka wa mpira, usifue saa ambazo wengine wamelala.

Pampu ya maji iliyofungwa moja kwa moja ukutani huligeuza jengo zima kuwa kipaza sauti. Iweke juu ya mpira, na iunganishwe na bomba kwa kipande cha mpira kinachonyumbulika. Kiyoyozi kina kasoro hiyo hiyo kwenye vyuma vinavyokishikilia, na pia swali la upande: kipande cha nje kikielekezwa dirisha la jirani, hata kikiwa kizima, ni kero.

Jenereta igeuzwe ili bomba la moshi liangalie mbali na vyumba vya kulala, na isogezwe. Mahali pa wazi, kila umbali unapozidishwa mara mbili sauti hupungua karibu desibeli 6. Kuijengea kibanda kunasaidia iwapo kina hewa ya kutosha na kiko mbali na nyumba. Kuificha ndani, kwenye veranda iliyofungwa au chini ya dirisha ili majirani wasisikie, ni kosa linalogharimu maisha: moshi wake una kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu.

Ukiwa na mashine mbili zinazolingana kwa kelele, kuzima moja hupunguza desibeli 3 tu, na sikio hugundua tofauti hiyo kwa shida. Ili sauti isikike kama imepungua nusu, inahitaji kushuka kama desibeli 10. Kwa hiyo shughulikia mashine kubwa kwanza. Kuhangaika na feni ndogo wakati jenereta inanguruma ni kupoteza siku.

Dalili: bomba linagonga ukutani

Likigonga pale tu mtu anapofunga koki kwa ghafla, au mashine ya kufulia inapokata maji, ni maji yaliyokuwa yakikimbia yamesimamishwa papo hapo na nguvu yake imepiga bomba. Fundi bomba alifunge vizuri bomba lililolegea, apunguze shinikizo kama limezidi, au afunge kifaa cha kumeza mshtuko huo. Likiachwa miaka, viungio hulegea na kuvuja.

Dalili: mbwa anabweka kutwa

Mwenye mbwa mara nyingi hajui, kwa sababu mbwa hubweka akiwa hayupo. Usianze kwa kumwambia "mbwa wako anatusumbua siku nzima", mpe saa. "Leo alianza saa nne asubuhi mkishatoka, akanyamaza saa sita" ni taarifa anayoweza kuifanyia kazi. Naye anaweza kuacha simu ikirekodi nyumbani ili ajue mbwa hubwekea nini. Anayebwekea wapita njia azibiwe mwonekano wa barabara. Anayelia kwa upweke anahitaji matembezi kabla ya kuachwa, kitu cha kutafuna, au mtu wa kumtembelea mchana. Kumchapa humwongezea hofu, na hofu humwongezea kubweka.

Dalili: kelele ni ile ile, ila usiku haivumiliki

Hujachanganyikiwa. Usiku magari na shughuli hupungua, kwa hiyo sauti iliyokuwa imefunikwa mchana inabaki peke yake. Zaidi ya hapo, katika usiku mtulivu usio na mawingu hewa ya karibu na ardhi hupoa kuliko ya juu, na sauti hupindwa kurudi chini badala ya kupotelea angani. Ndiyo sababu muziki wa mbali husikika saa nane usiku kana kwamba uko mtaa wa pili.

Vipimo rasmi vinalijua hilo. Katika kipimo kinachotumiwa na nchi za Umoja wa Ulaya tangu agizo lao la mwaka 2002, kelele ya jioni huongezewa desibeli 5 na ya usiku desibeli 10 kabla ya kukokotoa wastani wa siku. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilipendekeza chumba cha kulala kisizidi desibeli 30 kwa kelele ya mfululizo, na desibeli 45 kwa mlio mmoja mmoja. Hizo si sheria, lakini zinakupa picha: kishindo kimoja cha mlango uliobamizwa kinaweza kukuamsha hata kama wastani wa usiku ni wa chini.

Dalili: mna sherehe, na mnaambiwa kelele imezidi

Mwaka 1911 daktari wa Ufaransa, Étienne Lombard, alieleza jambo ambalo kila mwenye sherehe angepaswa kulijua: mtu akizungukwa na kelele hupaza sauti bila kukusudia. Muziki ukipanda, wageni hupaza sauti. Wakipaza, mpiga muziki huongeza tena. Kuwaambia watu wanyamaze hakusaidii muziki ukiwa juu. Punguza muziki kwanza, na dakika chache baadaye maongezi yatashuka yenyewe.

Ingizeni watu ndani na mfunge madirisha ya upande wa majirani saa ya utulivu inapofika. Na waambieni majirani mapema: siku gani, itaanza saa ngapi, itaisha saa ngapi, na namba ya simu ambayo mtu ataipokea kweli. Namba hiyo ina kazi kuliko msamaha wa kesho yake. Kisha isheni saa mliyoitaja, kwa kuwa aliyevumilia akihesabu hadi saa tano huwa mkali zaidi saa tano na nusu kuliko ambaye hakuambiwa kitu.

Dalili: umemwambia, na hakuna kilichobadilika

Angalia ulivyomwambia. Aliyeambiwa usiku wa manane, mbele ya wageni wake, atatetea heshima yake kabla ya kusikia hoja. Nenda kesho yake, piga hodi, msalimie, kisha taja sauti, saa na inapokufikia:

"Habari za jioni, jirani. Samahani kukusumbua. Sijui kama unajua, ila muziki wa sebuleni unafika kwenye kitanda chetu, hasa ile besi. Jana ilikuwa mpaka saa saba. Naomba uje usikie siku moja ukiwa na nafasi, tuone tufanyeje."

Mwaliko wa kuja kusikia ndio wenye nguvu. Mtu anayekataa kwamba ana kelele hubadilika akisimama chumbani kwako. Ujumbe wa simu utumike kama hamjawahi kukosana. Ukiwa na hasira, maandishi husomwa kwa sauti kali kuliko uliyokusudia.

Na ukija kuambiwa wewe? Usijibu "mbona wengine hawalalamiki". Wengine hawako nyuma ya ukuta ule. Uliza ni saa ngapi na chumba gani, kisha jaribu jambo moja kwa wiki moja, urudi kumuuliza kama pana tofauti. Hewala si utumwa.

Dalili: mazungumzo yameshindikana

Sasa ndiyo zamu ya sheria. Kanuni za kelele za halmashauri na miji kwa kawaida huwa za aina mbili. Ya kwanza hutaja namba: desibeli kadhaa, kwenye mpaka wa kiwanja au ndani ya chumba cha anayelalamika, mchana kiasi hiki na usiku kiasi kile, kulingana na eneo kama ni la makazi, biashara au viwanda. Ya pili haina namba. Huuliza kama kelele ni kero kwa mtu wa kawaida, ikipima saa, muda, marudio, aina ya sauti, na kama ingeweza kuepukika. Ukijua ya kwenu ni ipi, utajua ushahidi gani unatakiwa. Mpangaji asome pia mkataba wake na kanuni za jengo, ambazo mara nyingi ni kali kuliko za halmashauri na hutekelezwa haraka zaidi.

Imani kwamba kabla ya saa ya utulivu kila kitu ni ruksa ni potofu sehemu nyingi: kero inaweza kuwa kero hata saa nane mchana. Vilevile kibali cha sherehe au ujenzi huwa na saa na masharti yake, na kuyapita ni kosa licha ya kibali.

Programu ya simu ya kupima desibeli itumie kulinganisha tu, mlango ukiwa wazi na ukiwa umefungwa, kabla ya zulia na baada yake. Kama ushahidi ni dhaifu, na kipimo cha kawaida huipunguzia besi uzito, kwa hiyo namba inaweza kuonekana ndogo wakati kifua kinatetemeka. Kinachohitajika zaidi ni daftari: tarehe, saa ya kuanza na kuisha, aina ya sauti, uliisikia chumba gani, madirisha yalikuwa wazi au yamefungwa, ilikuzuia kufanya nini. Andika siku za utulivu pia, zinakupa kuaminika. Usirekodi mazungumzo ya watu ya ndani. Hapo wewe ndiwe unaweza kugeuka mshtakiwa.

Peleka daftari kwanza kwa mwenye nyumba au uongozi wa jengo, kwa maandishi, ubaki na nakala. Kisha ofisi ya afya au mazingira ya halmashauri. Polisi waitwe kelele inapokuwa inaendelea na haizuiliki, na bila kusita ukisikia dalili za mtu kupigwa au kuomba msaada, maana hapo suala si kelele tena. Afisa akija kupima, omba aje saa ambayo kero hutokea, apime ndani ya chumba chenye tatizo, na umwambie mapema kama ni besi ili alete kifaa na kipimo kinachoihesabu.